Fyuzi Iliyokatika Ni Shahidi

Miongoni mwa mitumba iuzwayo Dar es Salaam na Mombasa vimo vikuza sauti vilivyokwisha kutumika nchi za nje, na baadhi yake ni imara kuliko vipya vya bei rahisi. Kimoja kikinyamaza, mwenyewe husema kimekufa. Aghalabu hakikufa, kilichoharibika ni ile sehemu ipokeayo umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa kadiri ifaayo ndani ya chombo, ambayo mafundi huiita pawa saplai. Sehemu hiyo yaweza kubadilishwa. Kosa lililoenea ni kuibadilisha bila kuuliza ni nini kilichoiharibu ile ya kwanza.

Mara nyingi jibu limeandikwa nyuma ya chombo chenyewe. Kilichotengenezwa kwa soko la Japani huhitaji volti 100, na cha Marekani volti 120, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Pasi ya volti 100 ikiunganishwa kwenye volti 230 ingetoa joto mara tano na zaidi, kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti. Transfoma huumia vibaya zaidi: kiini chake cha chuma hufikia kikomo cha usumaku, na hapo mkondo hauongezeki kwa uwiano bali huruka ghafla. Fyuzi sahihi hukatika. Kioo chake kikiwa kimepakwa weusi, ni dalili ya mkondo mkubwa mno uliopita kwa mara moja. Kikiwa safi, huenda uzi ulichoka tu. Mtu awekaye karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi hakutengeneza kitu. Amechagua tu kitakachoungua baadaye.

Hata sababu ikijulikana, kipuri hakichaguliwi kwa kukisia. Tuseme transfoma mpya hutoa volti 24 za mkondo geu. Wengi hununua kapasita ya volti 25 na kuridhika. Lakini 24 ni kipimo cha wastani maalumu. Kilele chake ni 24 mara 1.41, yaani karibu volti 34, na dayodi hupunguza moja na nusu hivi. Kapasita hiyo itavimba, pengine ipasuke. Inayofaa ni ya volti 50. Kwa upande wa ampea mambo ni kinyume: saplai yenye uwezo wa ampea nyingi zaidi haidhuru, kwa sababu chombo huchukua kiasi kikihitajicho tu. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili, na si ajabu, maana vitabuni huyakuta katika maswali ya mtihani, si mezani.

Yuko atakayesema kwamba mwanafunzi asiguse kabisa vyombo hivi. Ana haki nusu. Katika saplai za kisasa zinazonyoosha umeme wa ukutani moja kwa moja, kapasita hufikia volti 325 hivi, na yaweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Upande huo ni wa fundi. Lakini kikuza sauti kilichofungiwa stoo ya shule ni kifaa cha kufundishia kilicholipiwa tayari: kikiisha kutolewa chaji, kifunguliwe, dayodi zipimwe kwa mita, na hesabu ya kapasita ifanywe juu ya kapasita yenyewe.

Kisha fundi aitwe. Fundi mzoefu huunganisha balbu ya kizamani ya wati 60 mfululizo na chombo kabla ya kukipa umeme kamili. Balbu ikimweka kisha ikafifia, mambo ni mema. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, ndani bado mna shoti, na saplai mpya ingeungua kama ya zamani. Wanafunzi wasimame kando, wakiandika vipimo anavyowatajia.