Kukataa Si Kukaidi

Katika barua na taarifa zipitazo mikononi mwetu sisi makarani, liko neno moja la Kiingereza ambalo yatupasa kulitazama vema kabla ya kulifasiri, nalo ni “defy”. Wengi wetu huandika “kukaidi” mara moja, kisha kalamu ikaendelea. Walakini neno hilo ni zito. Asili yake ni Kilatini, likapitia Kifaransa cha zamani, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuvunja uaminifu baina ya mtu na bwana wake. Na uaminifu una pande mbili.

Tutwae mfano wa karibu. Kulima Karatu ni kazi ya kusifiwa. Ukipita lango la Lodoare ukaingia Hifadhi ya Ngorongoro, jembe lile lile ni kosa. Sheria ilikataza kilimo humo mwaka 1975. Mwaka 1992 Serikali ikakiruhusu. Baadaye kikakatazwa tena. Mtu ni yule yule na shamba ni lile lile, lakini mwaka huu huitwa mkulima na mwaka ule mkaidi. Tena iko ahadi ya Gavana Turnbull ya mwaka 1959, kwamba haja za wanyama zikipingana na haja za wenyeji, za wenyeji zitatangulia.

Mwezi wa Agosti 2024 Wamasai kwa maelfu walikusanyika barabarani Ngorongoro kupinga kufutwa kwa vijiji vyao. Baada ya siku chache Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha kwa muda tangazo lililovifuta. Je, karani aliyekwisha kuandika “wamekaidi” angalijibu nini?

Hatusemi kila amri ibishwe; sisi ni watumishi, na utii ndio msingi wa kazi yetu. Twasema maneno yapambanuliwe. Asemaye “sikubali, naomba nisikilizwe” amekataa. Avunjaye amri hali akiijua amehalifu. Ainukaye juu ya mamlaka yenyewe ameasi. Mkaidi ni yule aliyeelezwa, akasikilizwa, akajibiwa, na bado akashupaa.

Karani si hakimu, lakini neno lake huingia katika jalada, na jalada husomwa na wakubwa wasiopata kumwona mtu yule. Basi, wanachama wenzetu, kwanza tuandike alilosema mtu na alilotenda. Jina la tendo lake tuwaachie wenye kuhukumu.