Takwimu Zisipikwe

TAREHE 1 Agosti, 2025, Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilitangaza kwamba katika mwezi wa Julai nafasi za kazi zilizoongezeka nchini humo zilikuwa 73,000 tu. Ilitangaza pia kwamba idadi zilizotolewa mwanzo kwa miezi ya Mei na Juni zilikuwa kubwa mno, hivyo zikapunguzwa kwa jumla ya nafasi 258,000. Siku hiyo hiyo Rais Donald Trump aliamuru Mkuu wa Idara hiyo, Bibi Erika McEntarfer, afukuzwe kazi. Rais alidai kwamba takwimu hizo zilipikwa ili kumharibia jina. Ushahidi hakuutoa.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini katika jambo hili kuna zaidi ya mjumbe mmoja kupoteza kazi. Lililo mbele yetu ni swali linalohusu kila Serikali duniani, kubwa na ndogo, ya nchi tajiri na ya nchi maskini: je, hesabu za Taifa ni za nani? Ni za viongozi walioko madarakani, au ni za wananchi wote?

Kwanza tueleze maana ya kusahihisha takwimu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotoshwa. Mwalimu Mkuu anapotakiwa kupeleka idadi ya watoto walioandikishwa katika wiki ya kwanza ya Januari, hupeleka idadi ya wale waliokwisha fika. Wiki mbili baadaye watoto wengine huwasili, na wengine huhama. Mwalimu hupeleka idadi mpya, na hakuna Ofisa Elimu mwenye busara atakayesema kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo. Idara ya Marekani hufanya vivyo hivyo. Kila mwezi huwauliza waajiri zaidi ya laki moja, na kwa kuwa wengine huchelewa kujibu, idadi ya kila mwezi husahihishwa mara mbili katika miezi miwili inayofuata. Anayesahihisha hesabu zake hadharani anaonyesha uaminifu. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye hesabu zake hazikosei kamwe, na ambazo kila mara humpendeza mkubwa wake.

Hatuandiki haya ili kuwasuta Wamarekani. Twaandika kwa sababu njia hiyo imekwisha pitwa na wengine, na mwisho wake unajulikana. Mfano ulio wazi kuliko yote katika miaka ya karibuni ni ule wa Argentina.

Nchi hiyo ina Taasisi ya Takwimu na Sensa ijulikanayo kwa jina la INDEC, ambayo kwa miaka mingi iliheshimiwa katika Amerika ya Kusini. Mwanzoni mwa mwaka 2007, wakati wa Serikali ya Rais Néstor Kirchner, bei za vitu zilikuwa zikipanda na uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia. Waziri Mdogo aliyeshughulikia biashara ya ndani, Bwana Guillermo Moreno, aliitaka INDEC imkabidhi majina ya maduka ambayo makarani wake hukusanya bei. Bibi Graciela Bevacqua, aliyesimamia kipimo cha bei za walaji, alikataa, kwa kuwa sheria ya takwimu ya nchi hiyo inalinda siri ya wanaotoa habari. Akaondolewa katika nafasi yake, na watu wengine wakawekwa.

Tangu hapo miujiza ikaanza. Serikali ilitangaza kwamba bei zinapanda kwa asilimia nane, tisa au kumi kwa mwaka. Mama aliyekwenda sokoni aliona mambo mengine kabisa. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Alberto Cavallo, alikusanya bei ambazo maduka makubwa yenyewe yalikuwa yakizitangaza kwa wateja kwenye mtandao. Hesabu zake kwa kipindi cha kuanzia mwaka 2007 hadi 2011 zilionyesha kwamba bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 20 hivi kwa mwaka, wakati Serikali ilisema asilimia nane. Hata baadhi ya majimbo ya nchi hiyo hiyo yaliendelea kutoa vipimo vyao vilivyopingana na kile cha makao makuu.

Je, Serikali ilifanya nini ilipoona haiaminiwi? Haikurudi kwenye ukweli. Mwaka 2011 iliwatoza wataalamu binafsi waliotangaza hesabu tofauti faini ya peso 500,000 kila mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Bevacqua mwenyewe. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio. Wabunge wa upinzani, ambao hawakuweza kutozwa faini kwa sababu ya kinga ya Bunge, walianza kusoma hesabu za wataalamu hao kila mwezi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipokwenda kudai mishahara waliacha kutumia kipimo cha Serikali, wakasema wao wanatazama bei za dukani. Februari 2013, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa karipio rasmi kwa Argentina kwa sababu ya takwimu zake. Karipio la namna hiyo halikuwa limepata kutolewa kwa mwanachama yeyote wa shirika hilo.

Hayo ya mashirika ya kimataifa si makubwa kuliko yaliyowapata wananchi. Umaskini hupimwa kwa kulinganisha kipato cha mtu na bei za mahitaji yake. Bei zikiandikwa ndogo, maskini nao huonekana wachache. Mwezi Juni 2015, Rais Cristina Fernández de Kirchner aliuambia mkutano wa Shirika la Chakula na Kilimo mjini Rome kwamba maskini wa nchi yake ni chini ya asilimia tano. Baada ya Serikali kubadilika, INDEC ilitangaza mwezi Septemba 2016 kwamba maskini walikuwa asilimia 32.2. Hata kama hali ilikuwa imezidi kuwa mbaya katika mwaka ule mmoja, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuamini kwamba theluthi ya Taifa iliingia katika umaskini kwa ghafla. Watu hao walikuwapo wakati wote. Walifutwa katika karatasi tu, na aliyefutwa katika karatasi hapangiwi bajeti.

Wenye kuona mbali watazingatia jambo jingine. INDEC iliharibiwa katika muda wa majuma machache tu. Kuijenga upya kulichukua muda mrefu. Baada ya Desemba 2015 wakuu wapya walilazimika kusimamisha kipimo cha bei kwa miezi kadhaa, kwa sababu hesabu za zamani hazikufaa kitu na mpya hazikuwa tayari. Karipio la Shirika la Fedha liliondolewa Novemba 2016. Nchi ilikaa karibu miaka kumi ikienda kama mtu anayetembea gizani huku ameizima taa kwa mkono wake mwenyewe.

Katika Argentina uongo ulitoka juu ukashuka chini. Lakini upo uongo mwingine, unaotoka chini ukapanda juu, nao ni hatari zaidi kwa sababu hauhitaji amri ya mtu yeyote. Huo uliitesa China katika miaka ya mwanzo ya mpango ulioitwa Hatua Kubwa Mbele. Mwaka 1958 viongozi wa wilaya na vijiji walishindana kutoa taarifa za mavuno makubwa. Aliyesema kweli alionekana mzembe au adui, na aliyetia chumvi alipongezwa. Taarifa zilipojumlishwa, ilitangazwa kwamba nafaka ya mwaka huo ilifikia tani milioni 375. Baadaye ilikubaliwa kwamba mavuno yalikuwa kiasi cha tani milioni 200 tu. Wakati huo Serikali ilikuwa imekwisha chukua sehemu yake kwa kufuata mavuno ya kwenye karatasi, na vijiji vilibaki na maghala matupu. Njaa iliyofuata hadi mwaka 1961 iliua mamilioni ya watu. Ukame na makosa mengine ya mipango yalichangia, lakini Chama cha Kikomunisti cha China chenyewe, katika azimio lake la mwaka 1981, kilitaja majigambo kuwa mojawapo ya makosa ya wakati ule.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015. Mwaka 2018 sheria hiyo ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha takwimu rasmi. Wataalamu wa ndani walihoji, na Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake waziwazi. Juni 2019 Bunge liliirekebisha tena sheria hiyo na kukiondoa kifungu hicho. Tulifanya vema kujisahihisha. Hesabu ya Serikali inayolindwa kwa kifungo hupata kimya cha wananchi, na kimya hicho hakina maana kwamba wameikubali. Hesabu inayoonyesha wazi jinsi ilivyopatikana, na inayomruhusu mtu mwingine ahesabu upya, hujilinda yenyewe.

Wapo watakaouliza: je, kiongozi aliyechaguliwa na wananchi hana haki ya kuzihoji takwimu? Anayo. Wataalamu nao ni binadamu. Hukosea, na vipimo vyao huweza kupitwa na wakati. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuhoji na kuamuru. Kiongozi anayehoji huuliza, "Mmeipataje idadi hii?", kisha husikiliza jibu. Anayeamuru hutaja idadi anayoitaka, kisha huwaachia watumishi kazi ya kuitafutia njia. Umoja wa Mataifa mwaka 1994, na Umoja wa Afrika katika Mkataba wake wa Takwimu wa mwaka 2009, uliweka misingi kwamba kazi hii iongozwe na utaalamu na isiingiliwe. Misingi hiyo haikuwekwa ili kuwapa watakwimu ufalme. Iliwekwa ili Serikali ipate macho yasiyopendelea.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la mawaziri na wakurugenzi peke yao. Takwimu za Taifa haziotei makao makuu. Huanzia katika daftari la mahudhurio la mwalimu, katika kitabu cha zahanati, katika taarifa ya Bwana Shamba, na katika fomu ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Mwalimu anayewaandika waliopo na wasiokuwapo ili shule yake isionekane ya mwisho. Bwana Shamba anayekadiria magunia akiwa amekaa ofisini. Mtendaji anayeandika kwamba kisima kimekamilika wakati bomba halijafungwa. Hao wote wanafanya kwa kalamu ndogo lile lile lililofanywa Argentina kwa kalamu kubwa. Kesho yake vitabu vitapungua darasani, chakula cha akiba hakitapelekwa, na kijiji chenye kiu kitahesabiwa miongoni mwa vijiji vyenye maji.

Twakiri kwamba mara nyingi kosa si la mtumishi peke yake. Mkubwa anayempokea kwa makaripio kila aletaye habari mbaya, na kumsifu kila aletaye asilimia mia moja, asishangae akizungukwa na waongo. Yeye ndiye aliyewafundisha. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa ngazi zote wawe wa kwanza kumlinda mtumishi aliyeleta hesabu chungu lakini ya kweli. Tarehe za kutangaza takwimu zijulikane mapema, ili zisicheleweshwe kwa kuogopa uchaguzi. Zikisahihishwa, sababu ielezwe kwa lugha ambayo wananchi wanaielewa. Na wataalamu wa vyuo vyetu vikuu wasichukuliwe kuwa maadui wanapohesabu upya.

Kwa watumishi na walimu tunasema hivi. Mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikuwa na kifungu kinachosema isipokuwa wakati wa kujaza fomu. Ukiwa hujui idadi, andika kwamba hujui. Ukiwa umekadiria, andika kwamba ni makadirio. Na ukiagizwa uandike usichokiona, omba agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi halitaletwa.

Mwaka 2022 wananchi waliwafungulia makarani wa sensa milango, wakawaeleza umri wao, watoto wao na mali zao, na Taifa likajua kwamba lina watu 61,741,120. Walifanya hivyo kwa sababu waliamini kwamba majibu yao yatatumika kwa haki. Imani hiyo haimo katika bajeti ya wizara yoyote, wala haiwezi kukopwa ng'ambo. Ikivunjwa, Serikali itatangaza habari njema za kweli na watu watacheka, na siku itakapotangaza hatari ya kweli hawatakimbia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nchi inayotaka kupona haina budi kukubali kupimwa.