Mama, hesabu siku zako

Wamama wapenzi, Noeli ikikaribia, magazini ya mjini yanatafuta wauzaji wa siku kwa siku. Bonane ikipita, tunarudishwa nyumbani, na minervali ya watoto inatungojea. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa Bel-Air aliomba kubakizwa kazini. Hakuwa ameandika hata siku moja.

Tujue hili: Kodi ya Kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 40, inasema mfanyakazi wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, kisha akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya kudumu.

Basi tununue kaye. Kila jioni tuandike tarehe, saa na malipo. Patroni akikana, twende nayo kwa inspekta wa kazi.