Mtoto Akipinda Mdomo Ghafla, Tusimkalishe Nyumbani



Mtoto mwenye selimundu akiamka mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, nyumba zetu nyingi husema ni upepo, au jicho la watu. Huitwa wa kumsomea, hukandwa kwa mafuta, na siku ikapita. Sisi tunasema wazi: hicho ni kiharusi, na saa zile za mwanzo ndizo za kuuokoa ubongo wake.

Kiharusi si cha wazee tu. Chembe za damu zenye umbo la mundu huumiza kuta za mishipa mikubwa ya kichwani. Mishipa husinyaa, mwisho huziba. Utafiti wa Marekani uliotoka 1998 ulionesha kuwa, bila kinga, takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye selimundu kali hupatwa kabla ya miaka 20.

Tiba yake ya haraka ni damu. Mtoto huongezewa, au hubadilishiwa: hutolewa yake kidogo kidogo huku akitiwa ya mchangiaji, ili himoglobini ya selimundu ishuke chini ya asilimia 30. Mkifika tu hospitali, semeni, "Mtoto ana selimundu," na tajeni saa dalili zilipoanza. Akipata nafuu asiachwe, kwani bila damu ya mara kwa mara au dawa ya haidroksiyurea, kiharusi hurudi kwa wengi.

Hatusemi kisomo kiachwe. Mama asome garini, njiani kuelekea hospitali. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali.

Na nyinyi mabibi harusi, pamoja na singo na hina, tieni kipimo cha selimundu kwa nyote wawili kabla ya nikahi. Mkiwa nyote mmebeba, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Kupima si kuvunja posa. Ni kujua mnaingia na nini, na mtoto akizaliwa apimwe mapema.

Sisi wengine tukachangie damu. Mtoto wa jirani hawezi kubadilishiwa damu ambayo haipo benki.

Allah awahifadhi watoto wetu. Amin.