Seli Shina, Kongosho na Pakiti za Unga



Mama mmoja wa hapa Mwembe Tayari ametuletea swali. Mwanawe wa miaka 9 hupigwa sindano ya insulini kila siku. Ameambiwa kuwa ziko pakiti za unga wa "seli shina", na kwamba mtoto akinyweshwa kwa miezi mitatu kongosho litaota upya na sindano zitatupwa. Anauliza: je, ni kweli? Na je, ni halali?

Tuanze na lililo kweli, kwani lipo na si dogo. Insulini hutolewa na chembe za kongosho ziitwazo beta. Katika kisukari kinachowapata zaidi watoto, kinga ya mwili wenyewe huziua chembe hizo. Mwaka 1991, Douglas Melton, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikuwa akichunguza ukuaji wa vyura, mwanawe wa miezi 6 alipopatikana na maradhi haya. Baba akaacha vyura, akashika kongosho. Baadaye binti yake naye akaugua. Ilipofika mwaka 2014, yeye na wenzake walitangaza njia ya kuzilea seli shina, yaani seli changa ambazo hazijapewa kazi maalumu mwilini, mpaka zikawa chembe za beta. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 12 waliopewa kipimo kamili: baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuhitaji tena insulini. Huko Tianjin, China, mwanamke wa miaka 25 alitiwa seli zilizotengenezwa kutoka mwilini mwake mwenyewe, na kabla ya miezi mitatu akaacha sindano. Alhamdulillah.

Lakini na tuzingatie namna walivyotibiwa. Hakuna aliyekunywa kitu. Wale 12 walitiliwa seli hospitalini, katika mshipa uingiao iniani, kisha wakapewa dawa za kuuzuia mwili usizikatae, dawa ambazo hudhoofisha kinga. Kwa sababu hiyo waliochaguliwa walikuwa watu wazima ambao sukari yao hushuka ghafla kwa hatari, wala si watoto. Seli hai haikai katika unga mkavu. Na hata ingekaa, tumbo lingeisaga kama lisagavyo nyama ya mchuzi.

Wauzaji huongeza kuwa unga huo huotesha na figo. Figo moja ina vichujio vipatavyo milioni. Mwaka 2015, Melissa Little na wenzake wa Australia walitangaza kuwa wameotesha vijifigo kwa seli shina, vidogo mfano wa punje ya choroko, visivyo na njia ya kutoa mkojo. Utafiti unaendelea, lakini hajapatikana mgonjwa aliyeondoka kwenye mashine ya kusafisha damu kwa figo ya namna hiyo.

Ama kuhusu uhalali, wengi wetu hudhani sharia ndiyo kizuizi. Sivyo. Desemba 2003, Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 17 huko Makka, liliruhusu seli shina kwa tiba na utafiti zikitoka penye ruhusa: kwa mtu mzima aliyeridhia, katika kondo la nyuma na kitovu, au katika mimba iliyoharibika yenyewe. Likaharamisha zitokazo katika mimba iliyotolewa kusudi bila sababu ya kisharia. Katika kisa cha mama huyu, haramu ni ghishi ya muuzaji, anayemuuzia mgonjwa kitu kisichokuwamo pakitini. Hatuwasemi waganga wa mitishamba walio wakweli, nao wapo.

Kinachotutia hofu zaidi ya fedha ni sindano kuachwa. Mtoto huyu akikosa insulini, damu yake huingia asidi: huwa na kiu isiyokatika, hutapika, hupumua kwa nguvu, na pumzi hunuka kama tunda lililoiva mno. Siku chache zaweza kumuua. Basi asiachishwe hata siku moja, hata akionekana mzima na mchangamfu. Na mama aliyekwisha kumpunguzia mwanawe dawa kwa ajili ya unga huu asione haya. Ampeleke leo hii Hospitali Kuu ya Pwani, asingoje kliniki ya wiki ijayo, na aichukue ile pakiti amwonyeshe daktari.