KONA YA MALEZI: "Mtoto huyu hasikii!"

Sisi walimu wa kujitolea wa watoto wadogo tunaambiwa mara nyingi mlangoni pa darasa, "Mwalimu, huyu wangu hasikii kabisa." Leo tuzungumze hilo.

Tuanze na umri. Mtoto wa mwaka 1 na miezi 3 hivi anafuata agizo ukisema huku unamwonyesha kwa mkono. Akifika mwaka 1 na nusu anaweza agizo moja bila ishara, kama "nipe kikombe". Maagizo mawili pamoja, "weka kijiko, funga mlango", ni ya miaka 2 na nusu. Basi ukimwambia huyu mdogo, "Leta kandambili, nawa mikono, uje ule," atakutazama tu. Tusimwite mkaidi, maneno yamemzidi.

Nyumbani tufanye hivi:

1. Usimpigie kelele kutoka jikoni. Msogelee, chuchumaa, mwite jina, akikutazama ndio useme.

2. Sema jambo moja, tena la kufanya. "Usikimbie" haimwambii afanye nini. "Simama" anaelewa.

3. Mngoje, hesabu polepole mpaka 5. Asipofanya, mshike mkono mfanye pamoja.

4. Akifanya, msifu palepale: "Asante mwanangu, umeleta kikombe!"

5. Tumia lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kibembe, Kifuliru, Kirundi au Kiswahili. Dada na kaka watumie maneno yaleyale.

"Simama" na "njoo" tuyafundishe kila siku kwa mchezo. Tembeeni pamoja, ukisema "simama" wote mnasimama kama miti. Siku mtoto anakimbilia barabarani gari linapita, au anaelekea kwenye mafiga, neno hilo litamsaidia. Ila bado ni mdogo, atasahau. Sufuria ya moto ikae mbali naye na mtu mkubwa awe karibu.

Jambo la mwisho. Mtoto asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, au anayetoka usaha sikioni, mpelekeni kituo cha afya mapema. Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini yupo asiyesikia kwa sababu sikio lake linaumwa. Huyo ukimchapa hutamponya, na asipotibiwa anaweza kuchelewa hata kuongea.

Jaribuni wiki hii agizo moja tu, halafu mtuambie mkileta watoto. Tukutane mwezi ujao.