Mazungumzo ya Nyumbani: Kompyuta Ikilazimishwa Kukimbia

Juma hili nimepata barua ya mzazi mmoja, mtunza hazina wa kikundi cha akiba katika jumuiya yake. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha sita, anataka kuizidishia mwendo kompyuta ya nyumbani, jambo ambalo vijana huliita "ovakloki". Baba hakulielewa neno hilo, akamkataza kwa ukali, na sasa ni siku ya nane hawasemezani. Aniuliza: "Je, mwanangu ataka kuharibu mali yangu, au ni mimi niliyeachwa nyuma?"

Ndugu yangu, kabla ya kuamua nani ana haki, na tulielewe jambo lenyewe.

Ndani ya kompyuta mna chipu iitwayo prosesa, nayo ndiyo ifanyayo hesabu. Hufanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Katika kompyuta nyingi za siku hizi mapigo ya msingi ni milioni 100 kwa sekunde. Prosesa huyazidisha, tuseme mara 36, ikapata mapigo milioni 3,600. Ndiyo gigahezi 3.6. Kufanya ovakloki ni kuzipandisha namba hizo kupita kiasi alichoweka mtengenezaji. Ukiweka 40 mahali pa 36, umepata gigahezi 4, wala hukununua kitu.

Je, mwendo huo watoka wapi? Wafikirieni akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana. Mchi mmoja ukishuka, mwingine unapanda. Wana nafasi kidogo kati ya pigo na pigo, na kwa sababu ya nafasi hiyo michi haigongani. Wanaweza kuongeza kasi, nafasi ikapungua. Wakizidi, michi itagongana na mahindi yatamwagika. Ndivyo ilivyo prosesa. Umeme wahitaji muda kidogo kufika na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Mtengenezaji huacha nafasi ya usalama, ili chipu ifanye kazi hata chumbani penye joto, kwa miaka mingi. Mwenye kufanya ovakloki huila nafasi hiyo.

Wako waliofaidika kweli. Mwaka 1998 kampuni ya Intel iliuza prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakapandisha mapigo ya msingi kutoka megahezi 66 hadi 100, na nyingi zikakimbia kwa megahezi 450 bila taabu. Basi kijana wako hakuota ndoto.

Lakini gharama ipo. Ili mapigo ya haraka yasikosee, mara nyingi hulazimu kuongeza volti. Ukiongeza volti sehemu 10 katika 100, na mapigo vivyo hivyo, joto haliongezeki 10 tu. Laongezeka kama 33. Na feni haiwezi kuipoza chipu ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Aliye Ulaya katika chumba cha nyuzi 20 ana nafasi kubwa kuliko sisi tunaofunga madirisha kwa nyuzi 32.

Tena liko jambo baya kuliko mtambo kuzimika. Mtambo uliozimika tunauona. Lakini prosesa iliyozidishwa mno yaweza kukosea hesabu moja katika mamilioni, ikaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Faili likaharibika, nawe usijue hadi siku ya kugawana akiba. Mzee mwenzangu, hizo si fedha zako wala za mwanao. Ni za wajane na wachuuzi waliokuamini.

Jueni pia kwamba faida siku hizi ni ndogo. Tangu mwaka 2008 Intel ilipoleta Turbo Boost, prosesa nyingi hujipandisha mwendo zenyewe zikiwa na nafasi, na hujipunguza zikiona joto. Kiwanda chenyewe kimekwisha kula sehemu kubwa ya nafasi ile. Tena kompyuta nyingi za mkononi, na prosesa nyingi za kawaida, zimefungwa zisizidishwe.

Basi nashauri hivi. Kwanza, nakilini hesabu za kikundi mahali pengine, na chapisheni karatasi. Pili, mwambie kijana afungue mtambo, umeme ukiwa umetolewa, afute vumbi katika feni. Prosesa inayosongwa na vumbi hupata joto, hujipunguza mwendo, nasi twaiita nzee. Huenda mwendo anaoutafuta umelala chini ya vumbi hilo. Tatu, kama shida ni diski ya zamani au intaneti dhaifu, ovakloki haitaiponya.

Akitaka bado kujaribu, na ajaribu katika mtambo wake mwenyewe, hata kama ni kuukuu. Apandishe kidogo kidogo, asiguse volti kwa haraka, atazame joto, na auache mtambo ukokotoe kwa saa nyingi hesabu ambazo majibu yake yanajulikana. Iko programu ya kazi hiyo, Prime95. Jibu moja likikosewa, arudi chini. Na ajue kwamba kwa kawaida dhamana ya mwenye kiwanda haimlindi tena.

Kukataza ulikuwa na haki, ndugu yangu, kwa ajili ya fedha za watu. Kukataza bila kuuliza, hapo ulikosa. Kijana atakaye kujua kilichomo ndani ya mtambo si mharibifu. Leo jioni mwite, mpe bisibisi na brashi, umwambie, "Nionyeshe." Nadhani siku ya nane itakuwa ya mwisho.

Hadi juma lijalo, kaeni kwa amani.